«Vinasaba» vya Mafuta: Istilahi Yenye Kupotosha

Tangu mwaka 2010 petroli na dizeli ya soko la Tanzania hutiwa kemikali ya utambuzi isiyoonekana kwa macho, iitwayo «vinasaba». Hatuliafiki jina hili. Nasaba ni ukoo. Kinasaba ni istilahi ya biolojia, nayo petroli haina wazazi.

Aidha, jina hili huwakanganya wafasiri. Nchini Uingereza dizeli ya matrekta, yenye kodi nafuu, hutiwa rangi nyekundu. Mwenye lori akikutwa nayo tangini ana hatia. Kwetu hatia ni kuuza mafuta yasiyo na alama.

Twapendekeza ionekanayo iitwe «rangi ya utambuzi», na ihitajiyo kipimo iitwe «kitambulishi». Mfasiri naye aeleze daima alama hiyo yathibitisha nini.