Windo Lililopotea Machoni: Je, Chombo cha Umeme Huondoa Shaka?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Kitab as-Sulwa, kitabu cha kale cha habari za Kilwa, kinasimulia kwamba Washirazi walipofika kisiwani walimkosa mtawala wake, kwa kuwa alikuwa amekwenda bara kuwinda. Basi uwindaji umo katika habari za mwanzo kabisa za mji huu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliwakuta watu wake ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi'i (r.a.), na mpaka leo kutoka Kilwa hadi Lindi vitabu vya madhehebu hayo ndivyo vinavyosomeshwa. Pamoja na hayo, mlango wa kuwinda na kuchinja husomwa mbio mbio, kana kwamba umeandikwa kwa ajili ya Mabedui peke yao. Athari yake huonekana linapozuka suala jipya.

Suala lenyewe ni hili. Katika nchi kama Marekani wako wawindaji wa upinde wanaofunga kwenye mshale chombo kidogo cha redio. Mshale ukimpata mnyama, chombo hunasa kwenye ngozi yake na kutoa ishara, na mwindaji huifuata kwa kipokezi mpaka alipo. Wenyewe kwa wenyewe wamehitilafiana. Chama cha Pope and Young, kilichoundwa mwaka 1961 na kinachotunza kumbukumbu za wanyama waliowindwa kwa upinde, kilikuwa kikikataa vyombo vya umeme vilivyofungwa kwenye upinde au mshale. Mwaka 2014 kililegeza kidogo, kikaruhusu taa ndogo kwenye mkia wa mshale na kamera. Mjadala wao unahusu haki ya mnyama kupata nafasi ya kukimbia. Kwetu sisi kuna jambo la ziada: je, nyama hiyo ni halali?

Wala suala hili haliko mbali nasi. Wako vijana wa Kilwa na Liwale wanaofanya kazi ya kufuata nyayo katika kambi za wawindaji wa kitalii. Na chombo cha kumfuatilia mnyama kwa ishara si kigeni katika nchi hii: mwaka 2018 ulitangazwa mpango wa kuwavisha tembo 60 wa Selous kola za satelaiti ili walindwe na majangili.

Tumesikia hoja mbili, na zote mbili tunaona zina kasoro. Hoja ya kwanza inasema: Minhaj ya Imam Nawawi imeshakata shauri. Mnyama aliyejeruhiwa, akapotea machoni, kisha akakutwa amekufa ni haramu kwa kauli iliyo dhahiri zaidi, basi chombo hakina faida yoyote. Msemaji amenukuu sawa, lakini amesimama njiani. Imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alimruhusu Adiyy bin Hatim (r.a.) kula windo alilolikuta baada ya siku moja au mbili, iwapo halina athari isipokuwa ya mshale wake, na akamkataza kula lililoangukia majini. Katika Muslim imo pia hadithi ya Abu Tha'laba (r.a.) inayoruhusu hata baada ya siku tatu, maadamu nyama haijanuka. Ndiyo maana Imam Nawawi huyo huyo, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, alisema kwamba kauli ya uhalali ina nguvu zaidi na iko karibu zaidi na hadithi sahihi. Mwenye kuifungua Minhaj na kuifunga sherehe hajamtendea haki Imam.

Hoja ya pili imekwenda upande wa pili. Inasema: mwenye chombo hajapotelewa na windo, kwani analijua lilipo kila dakika, basi khitilafu ya maulamaa imekwisha na nyama ni halali moja kwa moja. Hoja hii inavutia, nayo ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa imekosea sababu ya hukumu. Waliokataza hawakukataza kwa kuwa mwindaji hakujua mahali. Walikataza kwa kuwa hakujua sababu ya kifo: huenda mnyama ameanguka korongoni, amezama mtoni, au ameuawa na mnyama mwingine. Ishara ya redio inatuambia chombo kiko wapi. Haituambii mnyama amekufa kwa nini, wala haituhakikishii kuwa chombo bado kiko mwilini mwake, kwa kuwa huweza kudondoka kichakani. Basi masharti ya hadithi ya Adiyy yako palepale. Mwindaji akifika ni lazima atazame jeraha, atazame maji, atazame athari za meno na makucha. Akiona athari ngeni, aache, hata kama ishara haikukatika hata mara moja.

Isitoshe, chombo kinaongeza wajibu. Minhaj imeeleza kwamba mwindaji akimkuta mnyama angali na uhai uliotulia ni lazima amchinje, na akifa kwa uzembe wa mwindaji, kama vile kutokuwa na kisu, ni haramu. Wahanafi nao wameshurutisha kwamba windo likipotea, mwindaji asikae akaacha kulitafuta. Imam Malik katika Muwatta amechukia kuliwa lililolala usiku kucha. Kauli hizi zimetofautiana, lakini zote zinamhimiza mwindaji afanye haraka. Sasa tumtazame mtu aliyekaa kambini anakunywa chai huku akitazama ishara, akingoja mnyama amalizike mwenyewe. Zamani aliyechelewa aliweza kusema hakujua njia. Huyu ataleta udhuru gani?

Kwa hiyo tunaona kwamba chombo kinachotumika baada ya mshale kutoka, kwa ajili ya kumfikia upesi mnyama aliyejeruhiwa, kinaafiki hadithi ya Shaddad bin Aws (r.a.) katika Muslim, inayotuamrisha wema katika kila jambo hata katika kuua. Kinapunguza mateso na kinazuia nyama kuozea porini. Lakini kikimtia mtu tamaa ya kupiga kutoka mbali kuliko uwezo wa mkono wake, kwa kutegemea kwamba atamfuata tu, basi kimegeuka kuwa chombo cha kujeruhi.

Ama kumtafuta mnyama kwa ishara kabla ya mshale, hilo ni jambo jingine. Katika Surat Al-Maida, aya ya 94, Mwenyezi Mungu amewaambia waumini kwamba atawajaribu kwa mawindo yanayofikiwa na mikono na mikuki yao. Wafasiri wamesema iliteremka Hudaybiya, masahaba wakiwa katika ihramu, na wanyama wakawasogelea mpaka karibu na mahema. Aya inahusu ihramu, lakini mazingatio yake ni mapana: wepesi wenyewe ni mtihani. Na mwenye kuzitumia ishara za kola walizovishwa wanyama ili walindwe, akazifanya njia ya kuwaua, amefanya khiyana katika amana.

Wala tusisahau kwamba kibali kinatangulia chombo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka leseni, na tangu mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambamo hakuwindwi. Anayevunja ahadi hii kisha akauliza kuhusu redio ya mshale ameanza na suala la mwisho.

Nasaha yetu kwa maimamu na wanafunzi ni kuusoma mlango wa kuwinda pamoja na sababu za hukumu zake. Anayeijua sababu hatababaishwa na chombo kipya, kiwe cha leo au cha kesho.

Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.