Heko kwa Mafundi wa Giaboksi wa Dodoma

Pikapu ya dizeli ya zamani, tuseme Land Cruiser yenye injini ya 1HZ ya lita 4.2, inaweza kuwa na injini nzima huku gia ya pili ikiruka kwenye kila mlima. Hapo ndipo fundi wa Dodoma anapostahili heshima kubwa kuliko anayopewa. Kubadilisha giaboksi huonekana kazi ya misuli, kumbe ni ya vipimo: meno ya shafti yaingiane na sahani ya klachi, na propela isiyotosha urefu irekebishwe na kusawazishwa upya, la sivyo gari litatetemeka hadi Kondoa.

Wapo wanaosema giaboksi ya mtumba ni kamari. Ni kweli, kwa anayenunua kwa macho. Fundi makini humwaga oili kwanza akitafuta chembe za njano, dalili ya sinkronaiza kulika, kisha huzungusha shafti akisikiliza beringi. Vipuri hivyo vinavyochakaa mapema hubadilishika. Gamba na gia zenyewe hudumu. Mafundi wengi hawana cheti, watasema wengine. Lakini VETA yenyewe, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hurasimisha ujuzi uliopatikana kazini, na mkulima wa alizeti wa Kongwa hulipia gari linalotembea, si cheti.