Antimata ya Dan Brown na korosho moja iliyobaki

Nimeisoma tena Angels & Demons (2000) kwenye basi la Masasi kwenda Newala. Riwaya inashika, sikatai. Robo gramu ya antimata inaibwa CERN, Vatikani inataka kulipuliwa, na msomaji halali.

Ila Brown kaacha kisa kikubwa zaidi kimpite. Anagusa uumbaji kupitia padri mwanafizikia, Leonardo Vetra, halafu haraka anakimbilia saa ya bomu. Na bomu lenyewe, jamani! Antimata yote iliyowahi kutengenezwa CERN ingewasha balbu moja kwa dakika chache tu.

Maada na antimata vikikutana vinafutana. Kama mwanzoni vilikuwa sawa, mbona tupo? Wanafizikia wanakadiria kwamba kwa kila chembe bilioni moja za antimata, za maada zilikuwa bilioni moja na moja. Yaani maghala mawili ya korosho yafutane, ibaki korosho moja. Hiyo moja ndiyo miamba ya Masasi, ndiyo basi hili, ndiyo mama aliyelala begani kwangu.

Mwaka 1964 Cronin na Fitch waligundua kwamba maumbile yana upendeleo kidogo. Mwaka 2025 jaribio la LHCb likauona kwenye barioni, jamaa za protoni. Bado upendeleo huo hautoshi kueleza ile moja ilibakije.

Brown anauliza nani kaiba. Nikiwa Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma chini yangu, nilitamani riwaya inayouliza kwa nini kumebaki kitu.