Hatari Maradufu na Kuachiwa Huru

Miongoni mwa istilahi za sheria zilizoletwa kwetu ili zipimwe kabla ya kusanifishwa, ipo moja iliyotuchelewesha kuliko nyingine zote: hatari maradufu. Mfasiri aliyeipendekeza alikusudia ile kanuni kongwe kwamba mtu aliyekwisha kuhukumiwa na mahakama yenye mamlaka, akatiwa hatiani au akaonekana hana hatia, asishtakiwe tena kwa kosa lilo hilo. Alilolikusudia ni wazi. Neno alilolitoa halilisemi. Tuliwasomea istilahi hiyo walimu wachache wa sekondari pasipo maelezo yoyote. Mmoja alidhani ni onyo la umeme, mwingine la barabara mbovu.

Chanzo cha kosa ni kufuata sura ya neno la Kiingereza badala ya kazi yake. Neno lile lilitoka katika Kifaransa cha kale, likiwa na maana ya mchezo ambao mshindi wake hajajulikana. Baadaye likaingia katika Marekebisho ya Tano ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, ambayo yanakataza mtu kutiwa mara mbili, kwa kosa moja, katika hatari ya kupoteza uhai au kiungo. Hapo hatari ni hatari kweli. Lakini kifungu cha 137 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, kama ilivyotungwa mwaka 1985, hakitaji hatari hata kidogo, wala ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya ya 2010. Kwa nini basi Kiswahili kibebe sitiari ambayo watunga sheria wetu hawakuihitaji hata walipoandika kwa Kiingereza?

Wengine wamependekeza kuadhibiwa mara mbili. Hili ni jembamba mno, kwani aliyeonekana hana hatia hakuadhibiwa hata mara moja, naye anakingwa vile vile. Kushtakiwa mara mbili nalo ni pana kupita kiasi, na hapa ndipo penye uzito wa shauri lote.

Magazeti yetu, na hata baadhi ya nakala za hukumu tulizopata kuzisoma, huandika kwamba mshtakiwa “ameachiwa huru” katika hali mbili zisizofanana. Ya kwanza ni pale mahakama inapopima ushahidi na kumwona hana hatia. Ya pili ni pale Mkurugenzi wa Mashtaka anapotumia kifungu cha 91 cha Sheria hiyo ya 1985 kusema kwamba Jamhuri haikusudii kuendelea na shauri. Katika hali hii ya pili mshtakiwa hutoka kizimbani, lakini sheria inasema waziwazi kwamba kutoka huko hakuzuii kushtakiwa tena kwa mambo yale yale. Kifungu cha 98 kinaonyesha mpaka kwa namna ya kupendeza: shtaka likiondolewa kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, aweza kurudishwa, likiondolewa baada ya kuitwa, huonekana hana hatia na mlango umefungwa.

Basi mtu anasoma kwamba jirani yake “ameachiwa huru”, kisha wiki ile ile anasikia amekamatwa tena kwa shtaka lilo hilo. Ataona sheria imevunjwa, au atakata tamaa kwamba haipo. Huenda haikuvunjwa. Lililomdanganya ni neno. Na tangu sheria ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, udanganyifu huo si wa magazeti peke yake. Waweza kukaa ndani ya amri ya hakimu.

Kufutiwa shtaka, kunakopendwa sana sasa, hakusaidii, maana kilichofutwa hakitarajiwi kurudi. Sisi tunapendekeza kuondolewa shtaka kwa yule anayeweza kurudishwa, kwani kilichoondolewa mahali chaweza kuletwa tena, na kuonekana hana hatia kwa yule asiyeweza. Kuachiwa huru kubaki kwa waandishi wa habari, ikiwa lazima, lakini kusiingie katika amri. Kadhalika yafaa kutenga kusikilizwa upya, ambako mahakama ya rufani huamuru baada ya kuona shauri la kwanza liliendeshwa kinyume cha sheria. Mpaka wake uliwekwa katika shauri la Fatehali Manji la mwaka 1966: kusitumiwe kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake.

Kwa kanuni yenyewe tunatoa kinga ya hukumu iliyotangulia. Tumeambiwa ni ndefu, na ni kweli. Tumeambiwa pia kwamba raia akisikia “amehukumiwa” hufikiri jela tu, na pingamizi hilo ni zito zaidi, nasi hatujapata jibu lake. Mwenye neno fupi linalowakusanya aliyetiwa hatiani na aliyeonekana hana hatia, bila kumwingiza aliyeondolewa shtaka, na atuletee kabla orodha haijapelekwa kwenye kamati.