Mwamuzi Aamue Nini?

Kuna ufundi mmoja wa mdomo unaotutoka huku tunauangalia, na kwa kuwa haukuwahi kuwa na karakana wala ujira, hakuna anayeulilia. Ni ufundi wa kutunga fumbo la sheria za mpira: kisa kifupi cha tukio lisilo la kawaida uwanjani, kinachofungwa kwa swali lilelile, mwamuzi aamue nini? Rubwera, makao makuu ya Wilaya ya Kyerwa, na viwanja vya vijiji vya Karagwe na Kyerwa kwa jumla, si mahali pa kamera wala picha za marudio. Huko sheria inakaa vichwani mwa watu, au haipo kabisa. Kwa sababu hiyo fumbo la sheria lisihesabiwe kuwa maneno ya kupitishia jioni. Ndiyo njia ambayo watu wasio na kitabu cha sheria wanaweza kuitunza sheria yenyewe, na tukiliacha tutabaki na mabishano yasiyo na mizani.

Chukua fumbo moja tu ulitazame kwa karibu. Beki anamrushia mpira kipa wake. Kipa anataka kuutuliza kwa mguu, unampita chini ya unyayo bila kumgusa, unaingia wavuni. Mwamuzi aamue nini? Mwenye haraka atasema wamejifunga, bao. Anayekumbuka kwamba mpira wa kurusha haufungi moja kwa moja atajiona mjanja na kusema golikiki. Wote wamekosa. Ni kona, kwa sababu mpira wa kurusha ukiingia moja kwa moja kwenye goli la wapinzani ni golikiki, lakini ukiingia kwenye goli la aliyerusha ni kona. Mtunzi hodari haishii hapo. Anageuza jambo moja dogo, anasema unyayo wa kipa uliugusa mpira kidogo, na papo hapo bao linakuwa halali. Kisa hiki kilitokea kweli. Septemba 2002, Birmingham City ikicheza na Aston Villa, Olof Mellberg wa Villa alimrushia mpira kipa wake Peter Enckelman, ukampita mguuni ukaingia. Mwamuzi David Elleray akakubali bao, na Villa wakafungwa 3-0. Ubishi uliofuata ulihusu unyayo wa mtu mmoja: uligusa au haukugusa? Angalia sheria inavyofanya kazi hapo. Ndiyo iliyowaelekeza watu pa kutazama. Asiyeijua angekodoa macho kwenye wavu, ambako hapakuwa na la kuamuliwa.

Fumbo la namna hii lina adabu zake, na adabu hizo ndizo zinazolifanya kuwa ufundi. Kila kinachohitajika kwa jibu kinatajwa, wala hakifichwi. Maneno hayatumiki kumlaghai msikilizaji. Jibu linaning'inia kwenye kifungu kimoja cha sheria, na likishatajwa, aliyeshindwa anakubali bila kununa kwa kuwa anaona njia nzima iliyolileta. Ni ndugu wa kitendawili, kwa maana mtu anategwa, anahangaika, akishindwa anatoa mji. Ila kitendawili hufunguliwa kwa taswira, na fumbo hili hufunguliwa kwa kanuni. Uingereza, mchoraji Paul Trevillion alilipa heshima ya kurasa za magazeti kwa miaka mingi, akichora tukio na kumwachia msomaji kipenga. Kwetu halikuhitaji hata karatasi. Lilihitaji watu waliokaa pamoja na mmoja wao aliyeisoma sheria kwa makini kuliko wenzake.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni matukio ya nadra, na kwamba mwamuzi wa kijijini anahitaji kujua faulo na kuotea, si miujiza. Lakini mechi huharibikia kwenye nadra. Januari 1994, Barbados ilihitaji kuifunga Grenada kwa tofauti ya mabao mawili ili isonge mbele, na kanuni za mashindano zilisema bao la dhahabu katika muda wa ziada lingehesabiwa mawili. Wakiongoza 2-1, dakika ya 87, Barbados wakajifunga kwa makusudi ili mechi iende muda wa ziada. Kisha wakalazimika kulinda magoli yote mawili, maana Grenada nao walifaidika kwa kufunga upande wowote. Barbados wakashinda 4-2. Waandaaji wangempa mtunzi mafumbo kanuni ile kwa jioni moja, angewaonyesha shimo kabla ya timu kutumbukia. Hata karibu nasi, Aprili 2017, Kagera Sugar iliifunga Simba 2-1 uwanja wa Kaitaba, Bukoba. Simba wakalalamika kwamba beki wa Kagera alicheza akiwa na kadi tatu za njano, ambazo zilipaswa kumweka nje ya mechi hiyo. Kamati moja ya shirikisho la soka nchini, TFF, ikawapa Simba pointi tatu na mabao matatu. Kamati nyingine ya TFF ikazirudisha pointi hizo kwa Kagera. Msimu ukaisha Yanga na Simba wakiwa na pointi 68 kila mmoja, Yanga wakachukua ubingwa kwa tofauti ya mabao. Timu ilifungwa uwanjani, ikashinda mezani, ikafungwa tena bila mpira kupigwa: fumbo gani lingeshinda hilo? Lilitaka maswali matatu ya utulivu, yaani nani anahesabu kadi, nani ana haki ya kulalamika, na kwa muda gani. Wengi tulilijibu kwa rangi ya jezi.

Wengine watasema sheria hubadilika, kwa hiyo fumbo la mwaka jana ni uongo wa mwaka huu. Ni kweli hubadilika. Hadi 2019 golikiki ilikuwa lazima itoke nje ya eneo la penalti ndipo mpira uhesabike kuwa unachezwa, na mafumbo mazuri yaliyosimama juu ya mstari ule yalikufa siku kanuni ilipofutwa. Lakini mabadiliko hayo hayaui ufundi, yanaudai zaidi. Machi 2025, katika penalti za kuamua mshindi kati ya Real Madrid na Atlético, Julián Álvarez wa Atlético aliteleza akaugusa mpira kwa miguu yote miwili, na bao lake likakataliwa. Miezi michache baadaye IFAB, chombo kinachotunga sheria za mpira, ikafafanua kwamba mguso wa pili ukiwa wa bahati mbaya na mpira ukaingia, penalti irudiwe. Tukio moja la ajabu liliwalazimisha wenye sheria kuisoma upya sheria yao. Ndiyo kazi ambayo fumbo hufanya bila kusubiri mtu aumie.

Pingamizi la mwisho ndilo linalosikika zaidi siku hizi: ya nini kujisumbua, ilhali kuna VAR na jibu limo kwenye simu? VAR inaonyesha kilichotokea. Lazima awepo mtu anayejua kipi katika hicho kina uzito. Tena simu hujibu aliyeuliza, na kuuliza ndiko kunakokufa. Kibanda cha mpira leo kimejaa mikeka ya kubeti. Mwenye mkeka anataka matokeo, hana haja na sababu. Uamuzi ukimpendeza ni haki, ukimuudhi ni wizi. Tumelea mashabiki wanaojua bei ya kila mchezaji wa Ulaya, lakini hawawezi kusema mechi isiendelee timu ikibaki na wachezaji wangapi. Ni pungufu ya saba, na zamani swali hilo lingekuwa la kuanzia tu.

Hasara hii haimwangukii shabiki. Inamwangukia kijana aliyepewa kipenga Jumapili mchana, asiye na kamera wala askari, akisimama mbele ya umati anaoufahamu kwa majina. Fumbo lilikuwa likimweka kila mtu katika nafasi ya mwamuzi kabla ya mechi, likimlazimisha kuamua dhidi ya timu anayoipenda pale sheria inapotaka hivyo. Umati uliozoea kutegwa hivyo huweza kumwacha mwamuzi aamue. Umati usiozoea humfuata hadi nyumbani, nasi tunaendelea kushangaa kwa nini vijana hawataki tena kuchezesha mpira.