Nyota Sita Kibandani Dumila

Juu kulia kwenye skrini ya Grand Theft Auto: San Andreas pana nafasi ya nyota sita. Mchezaji akiendesha gari kwa amani, haziwaki. Akimpiga ngumi askari, inawaka moja na polisi wa karibu anaanza kumkimbiza. Zikifika tatu, helikopta inamzunguka kichwani. Kwenye tano wanakuja makachero wa serikali kuu, na ya sita ikiwaka, vifaru vya jeshi vinaingia barabarani. Gemu hii ilitoka Oktoba 2004, na tangu hapo ni nadra watu kubishana juu ya ukatili katika gemu bila kuitaja. Ajabu yake ni kwamba yenyewe inabeba ndani yake mfumo wa kupima ukatili: inampima anayecheza muda wote anapocheza, na inamwonyesha alama aliyopata.

Nataka kukaa kwenye nyota hizo, kwa sababu naona uzito wa San Andreas uko pale kuliko kwenye damu. Damu yenyewe ni doa jekundu juu ya lami. Nyota ndizo zinazofundisha, na zinafundisha zaidi wakati wa kuzimika. Mwenye nyota moja anajificha uchochoroni mpaka ipotee. Mwenye nyingi anaingiza gari kwenye gereji ya rangi, analipa dola 100, anatoka na gari la rangi nyingine. Nyota zinabaki zikipepesa kwa muda; asipotenda kosa jingine, zimefutika. Kuna pia vinyota vidogo vinavyoelea nyuma ya nyumba na chini ya madaraja. Ukiokota kimoja, nyota moja inapungua, na waliotengeneza gemu wenyewe wamekipa kitu hicho jina la rushwa ya polisi. Mchezaji akiuawa, anaamka nje ya hospitali, silaha hana, fedha zimekatwa kidogo, anaendelea. Waliokufa kwa mkono wake hawatajwi tena. Kosa limekuwa deni dogo kati ya mtu na polisi, na deni lenyewe linalipika kwa kubadilisha rangi ya gari. Aliyeumizwa hana nafasi yoyote kwenye skrini. Hakuna nyota yake.

Ukatili wa namna hiyo hauonekani kwa kuhesabu maiti. Unaonekana kwa kutazama jinsi kazi ilivyoundwa: nini kinafuata nini, nani anapewa alama, nini kinagharimu na nini ni cha bure. Ndiyo maana nasema mjadala wa serikali na madaraja ya umri, tunaoupata kila gazeti linapoandika kwamba watoto wanaharibika, ni mjadala wa uhakiki kabla hata haujawa wa sheria. Na pa kuufanyia ni mahali kama Dumila.

Dumila, wilayani Kilosa, ni njia panda. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma inapita katikati, na nyingine inachepuka kwenda Rudewa na Kilosa. Pana mabasi, malori yaliyopumzika, nyanya na vitunguu kwenye matenga, na watoto wanaotumwa dukani wakachelewa kurudi. Wanachelewa kwenye kibanda cha gemu. Miji yetu ya barabarani inavijua vibanda hivi: televisheni mbili tatu, PlayStation 2 ya mtumba, pedi zenye waya uliofungwa kwa gundi ya umeme, benchi, pazia mlangoni. Saa nyingi ni mpira tu, Simba na Yanga wakibishana kwa majina ya Madrid na Barcelona. Lakini San Andreas ipo, imenakiliwa, haina kasha, na kwa kuwa haina kasha haina ile namba ya umri ambayo kiwandani iliwekwa mbele ya macho ya mzazi.

Sheria tuliyonayo ni Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya 1976. Ni sheria yenye mkono mrefu: iliunda bodi ya taifa, ikashusha bodi nyingine hadi mkoani na wilayani. Wazo lake ni jepesi. Kazi iletwe, ikaguliwe, ipangiwe daraja, ndipo ionyeshwe hadharani. Nyuma ya utaratibu huo kuna picha fulani ya kazi ya sanaa: kitu chenye mwanzo na mwisho, ambacho mkaguzi akikaa saa mbili amekiona chote, na alichokiona yeye ndicho atakachokiona mtoto. Kwa sinema inafaa. San Andreas haina saa mbili za kukaguliwa. Wachezaji wawili wakikaa nayo mchana kutwa, mmoja anaweza kuwa ameendesha baiskeli hadi mlimani na mwingine ameangamiza mtaa, na zote ni kazi ile ile.

Nchi zilizoanza mapema kupanga madaraja ya gemu zilikwama hapo hapo. Chukua Mortal Kombat, iliyoingia majumbani Septemba 1993. Nintendo, kwa kulinda jina lake, iliondoa damu ikaweka majimaji ya kijivu kama jasho, na baadhi ya mbinu za kuulia zikapunguzwa makali. Sega iliiacha damu, ila ukitaka kuiona ulipaswa kubonyeza vitufe kwa mpangilio wa siri. Desemba mwaka huo maseneta wa Marekani wakaijadili gemu hiyo hadharani, na mwaka 1994 ikazaliwa ESRB, bodi ya wenye viwanda inayopanga madaraja hadi leo. Lakini angalia kilichobaki hata kwenye toleo la jasho. Pambano limekwisha. Aliyeshindwa amesimama anayumba, hawezi kujitetea. Skrini inaingia giza kidogo, sauti inaamuru amaliziwe, na mshindi anapewa sekunde chache za kuchagua. Ushindi alishaupata; kinachofuata hakimwongezei ushindi. Sekunde hizo chache za giza ndizo zenye ukatili wote wa Mortal Kombat, na hakuna aliyezigusa, kwa sababu waliokuwa wanakagua walikuwa wanakagua rangi ya majimaji. Uingereza mwaka 1997 ilirudia jambo lile kwa Carmageddon, gemu ya kugonga watu kwa gari: wapita njia wakageuzwa mazimwi yenye damu ya kijani, na kugonga kukaendelea kuwa kule kule.

San Andreas yenyewe ilipandishwa daraja Julai 2005, kutoka miaka 17 hadi 18, na maduka makubwa ya Marekani yakaiondoa rafuni. Sababu haikuwa nyota sita, wala gereji ya rangi. Mdukuzi mmoja alifichua kwamba ndani ya diski kulikuwa na kipande cha ngono ambacho watengenezaji walikifungia bila kukifuta. Utaratibu wa ESRB ni kujaziwa dodoso na kutumiwa video ya vipande vikali, na hicho hakikutumwa. Sitetei kipande kile. Ninachosema ni kwamba vifaru na maiti vilipita mlangoni vikiwa wazi, na kilichoitisha adhabu kilikuwa kitu ambacho mchezaji wa kawaida asingekifikia.

Turudi kibandani, maana huko gemu inabadilika umbo tena, na mabadiliko hayo hakuna bodi iliyowahi kuyakagua.

La kwanza ni hadithi. San Andreas ina hadithi nzito. Carl Johnson anarudi Los Santos mwaka 1992 kumzika mama yake, na kabla hajafika nyumbani anakamatwa na polisi fisadi, Frank Tenpenny, anayemtishia kumbambikia mauaji ya askari. Mwishoni Tenpenny anafutiwa mashtaka na jiji linawaka moto, kama Los Angeles ya kweli ilivyowaka mwaka huo. Ukiifuata hadi mwisho, gemu inaishtaki dola inayouza haki, na kile kinyota cha rushwa kinapata maana ya uchungu. Kibandani hadithi hiyo haipo. Mazungumzo ni ya Kiingereza na yanakula dakika zilizolipiwa, kwa hiyo yanarukwa kwa kitufe kimoja. Kumbukumbu ya jana haikuhifadhiwa, kwa hiyo kila anayekaa anaanza pale pale. Kilichobaki ni barabara, silaha na nyota.

La pili ni karatasi. Mmoja wa vijana huwa nayo mfukoni, ukurasa wa daftari la mistari uliokunjwa hadi pembe zikalainika, na juu yake kwa kalamu ya bluu: R1, R1, duara, R2, juu, chini, juu, chini, juu, chini. Ukibonyeza hivyo nyota zote zinazimika. Mstari wa chini yake unaanza vilevile, R1, R1, duara, R2, ila mkia wake ni kulia, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kushoto, na huo unaongeza nyota mbili. Ni mistari iliyopangwa kwa akili, vichwa vinafanana na vina vinapishana, ndiyo maana watoto wanaishika kwa kichwa upesi kuliko shairi la darasani: mmoja anaimba, mwenzake anabonyeza. Kwa karatasi ile hata gharama ndogo iliyobaki, zile dola 100, imeondoka. Kama ningeulizwa ni kipande gani cha San Andreas nisingependa mtoto wa miaka kumi akizoee, ningeonyesha mstari ule wa kwanza kabla ya bunduki yoyote.

La tatu ndilo lililonifanya niandike. Kibandani watu wanapokezana. Wamekubaliana kwamba ukifa, unampisha mwenzako. Sheria hiyo hamna kwenye diski; imetungwa na benchi. Gemu ilisema kufa si kitu, utaamka hospitali. Benchi linasema ukifa unanyanyuka, unakabidhi pedi, unakaa nyuma na kutazama. Kifo kimerudishiwa bei. Watoto, bila bodi wala mwalimu, wamerekebisha udhaifu mkubwa kabisa wa kazi waliyopewa. Lakini benchi hilo hilo limefanya jingine la kinyume. Nyota, zilizowekwa ziwe onyo, zimekuwa tuzo. Zinahesabiwa kwa sauti, na ya sita ikiwaka pazia linatikisika kwa kelele, maana shindano ni nani atakaa hai muda mrefu zaidi mbele ya vifaru. Umbo moja, mahali pamoja, na maadili mawili yanavutana ndani yake.

Kwenye banda la sinema la jirani yupo mtafsiri. Utamaduni ule uliojengwa na Derek Gaspar Mukandala, tuliyemjua kama Lufufu, wa kuiweka sauti ya Kiswahili juu ya filamu ya kigeni, kwa kiasi kikubwa ni kazi ya kutoa sababu: huyu ni nani, amemkosea nani, kwa nini anapigwa. Mtazamaji anapata kisasi na chanzo chake. Gemu haina mtafsiri. Benchi ndilo linalotafsiri, na benchi linataja hatua, halitaji sababu.

Sidai kwamba bodi ikijua kusoma umbo basi tumepona. Mwaka 2018 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilipiga marufuku filamu ya Rafiki, na mwongozaji wake, Wanuri Kahiu, alieleza kwamba alitakiwa abadilishe mwisho kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Hapo bodi ilisoma umbo, tena kwa usahihi: ilitambua kwamba mwisho ndio unaobeba maana. Kisha ikautumia ujuzi huo kutaka kumwandikia msanii kazi yake. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba tu. Kusoma umbo ni jambo moja, kulishikia kalamu ni jingine, na naomba bodi yetu iishie kwenye la kwanza. Kwa San Andreas ningeipa 18 bila kusita, umri ule ule ambao Sheria ya Mtoto ya 2009 inamaliza utoto, na chini ya namba ningeandika sababu kwa Kiswahili cha sokoni: humu anayeua hulipia rangi ya gari, aliyeuawa hana atakayemdai. Mzazi anayeuza nyanya Dumila ataielewa sentensi hiyo kuliko namba peke yake. Na ukaguzi wa wilaya, kwa kuwa sheria tayari inamfikisha afisa mpaka mahali pa maonyesho, uangalie saa za shule, umri wa walio kwenye benchi, na skrini ipi inatazama mlangoni.

Kinachonitia hofu ni jawabu jepesi la kuvifunga vibanda vyote. Watoto watahamia kwenye simu, na wengi wameshahama. Tangu 2015 duka la programu la Google linatumia utaratibu uitwao IARC: mtengenezaji anajibu maswali, mtambo unatoa daraja la Marekani, la Ulaya, la Ujerumani, na nchi zisizo na bodi iliyojiunga zinapewa namba ya jumla, 3, 7, 12, 16 au 18. Namba anayoiona mtoto wa Dumila ni hiyo ya jumla. Hakuna mtu Kilosa wala Dodoma aliyekaa akaitazama gemu ndipo akaiandika. Na kwenye simu benchi halipo. Akifa hampishi mtu, anabonyeza kioo na kuamka pale pale, usiku, peke yake, bila mtu wa nyuma anayemwambia zamu yako imekwisha.