Aliyeketi Nyuma Anaona Nini? Uhakiki wa Kitabu cha Robert Pirsig

Utangulizi

Kurasa hizi za uhakiki kwa kawaida huwa ni za riwaya, tamthilia na diwani za Kiswahili. Safari hii tunaomba radhi ya wasomaji wetu kutoka nje kidogo ya ua, tukakitazame kitabu cha Mmarekani kuhusu pikipiki. Kitabu chenyewe ni Zen and the Art of Motorcycle Maintenance, kilichoandikwa na Robert Pirsig na kuchapishwa mwaka 1974. Inafahamika kwamba wachapishaji 121 walikikataa kabla mmoja hajakikubali, na kwamba baadaye kilisomwa na mamilioni ya watu. Pikipiki iliyotumika katika safari hiyo, Honda Super Hawk ya injini ndogo ya sisi 305, leo ni mali ya makumbusho ya taifa ya Marekani mjini Washington. Pirsig alizaliwa Minneapolis mwaka 1928 na kufariki mwaka 2017.

Tumekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni kitabu kinachozungumzia ufundi, na neno fundi ni miongoni mwa maneno ambayo Kiswahili kimeyasambaza karibu kote katika kanda yetu. Pili, ni mfano mzuri sana wa jambo linalowasumbua wanafunzi wetu kila mwaka, nalo ni nafsi ya msimulizi na kiasi gani tumwamini.

Muhtasari wa kisa

Mwezi Julai mwaka 1968, baba na mwanawe wa miaka kumi na mmoja, Chris, wanaondoka Minnesota kwa pikipiki wakielekea magharibi. Wanafuatana na mume na mke, John na Sylvia Sutherland, ambao wamepanda BMW. Wanavuka nyanda za majani za Dakota Kaskazini na Dakota Kusini, wanaingia Montana, wanapanda milimani, marafiki wanarudi nyumbani, na baba na mwana wanaendelea wenyewe hadi pwani ya California. Safari nzima ni ya siku 17.

Ndani ya safari hiyo imo safari nyingine. Msimulizi aliwahi kuwa mwalimu wa uandishi katika chuo kimoja mjini Bozeman, Montana. Akazama mno katika swali la ubora ni nini, akili ikamtoka, akalazwa hospitalini na kutibiwa kwa mshtuko wa umeme. Mtu aliyekuwapo kabla ya matibabu hayo anamwita Phaedrus, kana kwamba ni mtu mwingine aliyekufa. (Msimulizi anadai kuwa jina hilo la Kigiriki maana yake ni mbwamwitu. Sivyo, maana yake ni mwenye kung'aa.) Kadiri pikipiki inavyosonga mbele, ndivyo Phaedrus anavyorudi.

Mandhari ya nyanda

Sehemu ya kwanza ya kitabu ndiyo tunayoipenda zaidi. Msimulizi anachukia barabara kuu za magari mengi. Anatafuta barabara ndogo za mashambani ambazo watu wake hawana haraka. Anasema kwamba ndani ya gari mtu huitazama nchi kupitia dirisha, kama anayeangalia televisheni. Juu ya pikipiki hakuna fremu, na lami unayoiona inapita sentimita chache tu chini ya kiatu chako. Anatuonyesha vinamasi vyenye ndege weusi wa mabawa mekundu, baridi ya asubuhi inayopenya koti, upepo usiokoma, na dhoruba inayoonekana ikija kutoka mbali kwa kuwa hakuna kilima cha kuificha.

Aidha, anatufundisha utamaduni wa waendeshaji hao. Waendeshao pikipiki safari ndefu hawazungumzi njiani. Upepo na injini vimewanyang'anya maneno, kwa hiyo huashiriana kwa mikono na kila mmoja hubaki na mawazo yake. Mizigo huhesabiwa kipande kwa kipande, na kitabu kinatoa orodha yake, pamoja na vitabu vitatu: mwongozo wa pikipiki, mwongozo wa kutafuta hitilafu, na kitabu cha Thoreau kiitwacho Walden. Kisimamacho mbele yetu ni nchi tambarare na kichwa kinachofikiri. Mandhari haya hayakuwekwa kama pambo. Ukimya wa nyanda ndio unaompa msimulizi nafasi ya kutoa mihadhara yake mirefu.

Fundi na ubora

Dhamira kuu ya kitabu ni kwamba watu wa zama hizi wamegawanyika. Wako wanaopenda uzuri wa nje na kuichukia mashine, na wako wanaoelewa mashine na kudharau hisia. Mfano maarufu ni ule wa usukani wa John. Usukani wa BMW yake umelegea, na msimulizi anamwambia kuwa kipande chembamba kilichokatwa kwenye kopo la bia kitaukaza vizuri kabisa, kwa kuwa bati hilo ni laini na haliozi kwa kutu. John anakataa. Pikipiki ya Kijerumani ya dola 1,800 itengenezwe kwa kopo la bia! Msimulizi anawaza kwamba laiti angekikata kipande hicho kwa siri, akafuta maandishi yake na kudai kimeagizwa kutoka Ujerumani, rafiki yake angefurahi.

Msomaji wa Kampala au Bujumbura hahitaji kuelezwa kisa hiki. Anawajua wanaodai spea ya asili hata pale ambapo kipande cha ndala kingefaa, na anawajua pia mafundi wanaoweza kuirudisha pikipiki barabarani kwa waya na mpira. Anawajua vilevile mafundi wa aina ya pili katika kitabu: vijana wa gereji ambao redio yao inapiga kelele, wanatwanga nyundo wakicheka, wanaharibu vifuniko vya valvu, na hawagundui kwamba ugonjwa wote ulitokana na pini ya senti 25 iliyokatika na kuzuia oili isifike juu. Kosa lao, kwa maoni ya msimulizi, si ujinga. Hawakujali. Walikuwa watazamaji wa kazi yao wenyewe.

Hapa Kiswahili kina la kusema. Msimulizi anakumbusha kwamba mzizi wa Kigiriki wa neno teknolojia ulikuwa na maana ya sanaa, na analalamika kwamba viwili hivyo vilitenganishwa. Katika lugha yetu, havikutengana sana. Fundi ni mshonaji, mwashi, mtengeneza pikipiki, na hata mtunzi wa mashairi husifiwa kwa ufundi wake bila mtu kuona ajabu. Hata hivyo, tusijisifu kupita kiasi. Neno kuwa moja halimzuii fundi kupiga nyundo bila kujali, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Ugumu wa kutafsiri uko kwenye neno lenyewe la ubora. Pirsig anataka jambo linalotangulia mtu na kitu, lisiloweza kufasiliwa lakini ambalo kila mwanafunzi hulitambua akisoma insha mbili. Neno letu limetokana na bora, na bora hudai ulinganisho: bora kuliko nini? Tukisema wema, tumeingia kwenye tabia. Tukisema uzuri, tumeingia kwenye umbo. Sisi tungechagua ubora, kisha tukamwachia muktadha kazi ya kulipanua neno, kuliko kubuni istilahi ambayo haina wasemaji.

Mtoto aliyeketi nyuma

Sasa tuje kwenye kiini cha uhakiki wetu. Wahakiki wengi wamekisoma kitabu hiki kama falsafa, wakamwacha Chris kama mhusika mdogo anayelialia. Tunaona kwamba hapo wameburutwa na msimulizi.

Tazama jinsi baba anavyoisikiliza injini. Sauti ikibadilika kidogo tu, anasimama, anaangalia plagi, anakaza cheni, anapima valvu asubuhi zikiwa zimepoa. Anatufundisha subira: mtu asiiendee mashine akiwa na hasira, wala kiburi, wala haraka. Tazama sasa anavyomsikiliza mtoto. Chris anaumwa tumbo, anakataa kula, analia, na baba anawaeleza marafiki kwamba madaktari hawakuona ugonjwa wa mwili na kwamba walisema ni dalili za mwanzo za ugonjwa wa akili. Akakatiza mpango wa kumpeleka kwa daktari wa akili, kwa hoja kwamba daktari si ndugu. Hoja hiyo ina utu ndani yake, na msomaji wa kwetu anaielewa haraka. Lakini ndugu mwenyewe yuko wapi? Mtoto anapouliza, anapewa mhadhara au ukimya. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Msimulizi anaijua methali hiyo, kwa maana yake, kuhusu kila sehemu ya Honda. Kuhusu mwanawe anaanza kuijua kwenye kurasa za mwisho.

Katika kurasa hizo wanavua helmeti, na Chris anaomba kusimama juu ya vikanyagio. Akisimama, kwa mara ya kwanza anaona juu ya bega la baba yake, na anasema kila kitu ni tofauti. Baba anashtuka: siku zote hizo mtoto alikuwa akitazama mgongo wake. Tukio hili fupi linaigeuza riwaya nzima. Vinamasi, ndege, dhoruba, anga ya Dakota, yote tuliyosifu hapo juu, yalionwa na mtu mmoja tu aliyeketi mbele. Wa nyuma aliona koti. Kila abiria wa bodaboda anajua maana yake.

Kitabu kilipotolewa tena mwaka 1984 kiliongezewa hitimisho linaloeleza kwamba Chris aliuawa kwa kisu na waporaji mjini San Francisco mwaka 1979. Hatulitaji jambo hili ili kumhukumu mzazi aliyefiwa. Tunalitaja kwa sababu baada ya kulisoma, msomaji hawezi tena kumpuuza yule mtoto wa nyuma kama walivyofanya wahakiki wa mwanzo.

Wengine walioketi nyuma

Kuna mwingine aliyefichwa na mgongo wa msimulizi. Usiku mmoja wa mwanzo, Chris anauliza kama baba anaamini mizimu. Ameyapata kwa rafiki yake wa kambini, mtoto wa wenyeji wa asili aitwaye Tom White Bear, ambaye wazazi wake walimkataza kuamini mambo hayo, lakini bibi yake alimnong'oneza kwamba ni kweli. Msimulizi anajibu kwa hoja ya kuvutia kwamba hata sheria za sayansi, kama ile ya mvutano wa ardhi, ni aina ya mizimu. Sawa. Lakini bibi anayenong'ona amepotea, na mazungumzo yamekuwa ya Newton.

Siku iliyofuata wasafiri wanavuka mto Missouri huko Mobridge na kuelekea Lemmon. Sehemu kubwa ya nchi iliyo kati ya miji hiyo ni ya Standing Rock, eneo walilobakiziwa Walakota na jamaa zao. Kwa mkataba wa mwaka 1868, miaka mia moja kamili kabla ya safari hii, nchi yote ya Dakota Kusini ya leo iliyo magharibi ya mto huo ilitambuliwa kuwa yao. Mwaka 1889 sheria iliimega vipande vipande. Kiongozi wao Sitting Bull aliuawa huko Desemba 1890. Maji mapana yanayovukwa Mobridge ni ziwa la bwawa la Oahe, lililoanza kutoa umeme mwaka 1962 baada ya kufunika makumi ya maelfu ya ekari za wenyeji hao. Kitabu hakisimami kuitazama historia hii. Nyanda zinaonekana tupu, na utupu huo ndio unaomwezesha msimulizi kuzijaza kwa mawazo yake.

Kwa haki, Pirsig alirudi kwenye mada ya wenyeji kwa kirefu katika kitabu chake cha pili, Lila, cha mwaka 1991. Hata hivyo, kitabu kilichosomwa na wengi ni cha kwanza.

Hitimisho

Je, tunakipendekeza? Ndiyo, bila kusita. Lugha yake ni nyepesi isipokuwa katika sura za Wagiriki, ambapo msomaji atahitaji chai ya pili. Mafunzo yake kuhusu kujali kazi yanamfaa mwalimu, mwandishi na fundi. Kasoro tulizozitaja hazikiangushi. Nyingine zimewekwa na mwandishi mwenyewe ili tuzione, kama ile ya mgongo.

Kwa walimu wenzetu tunatoa pendekezo moja. Mwanafunzi akishasoma sura yoyote ya usimulizi wa nafsi ya kwanza, iwe ya Pirsig au ya mwandishi wetu wa Kiswahili, apewe ukurasa mmoja aisimulie upya akiwa amekaa nyuma. Hapo ndipo atakapojua kama msimulizi alimwonyesha nchi au alimwonyesha koti.